Dirisha la Chumba cha Pasi

Pasi ilikuwa baridi, lakini chumba kilinuka mvuke wa pasi.

Pindo alisimama mlangoni mwa chumba hicho cha nyuma, akanyoosha mkono, akaigusa pasi kwa ncha ya kidole jinsi mama anavyompima mtoto homa. Baridi kabisa. Hata waya wake ulikuwa umekunjwa. Harufu hata hivyo ilikuwepo, nzito na ya moto, harufu ya kitambaa kibichi kinaponyooshwa, wala kitambaa kibichi hakikuwepo. Akajiambia ni mawazo, akaufunga mlango, akarudi sebuleni kwenye kazi yake.

Jina la Pindo alipewa na wateja wake. Alikuwa mshonaji, na hapakuwa na aliyejua kuficha uzi kama yeye. Ungeligeuza gauni lake ndani nje utafute mshono umeishia wapi, utafute mpaka macho yalie, usiuone. Mwanamke mwenye kipaji cha kuficha, tuseme. Kipaji hicho ndicho kilichomponza.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Alasiri moja alikuwa peke yake nyumbani. Watoto walikuwa shule ya bweni, mumewe alikuwa kazini kwenye ghala la saruji. Alikuwa ananyoosha kitambaa cheupe cha bibi harusi, na chumba cha pasi kilikuwa na joto la kuchemsha ubongo, basi akafungua dirisha linalotazama kichochoro. Dirisha hilo mumewe alikuwa amelisemea mpaka likawa wimbo: "Mama, dirisha la nyuma. Mama watoto, lile dirisha la nyuma." Uzi mweupe ukamwishia. Akatoka kwenda kununua mwingine, mlango wa mbele akaufunga kwa ufunguo na kuuvuta ahakikishe, kwa maana hakuwa mzembe. Dirisha hakulikumbuka.

Aliporudi, cherehani ya umeme haikuwepo. Kitambaa cha harusi hakikuwepo. Dirisha lilikuwa wazi vilevile alivyoliacha, na kwenye ukingo wake palikuwa na alama ya unyayo, vumbi tupu, vidole vyote vitano.

Mtu mwingine angepiga yowe. Pindo alichukua tambara akaufuta ule unyayo. Akafuta ukingo, akafuta na ukuta chini yake, akalivuta dirisha, akasukuma komeo. Ndipo akapiga yowe.

Jambo moja aliliona na akalipuuza. Upepo ulikuwa umelijaza pazia kwa ndani, na alipolifunga dirisha pazia halikushuka. Lilibaki limevimba, kama lina mtu nyuma yake, kwa muda wa kumeza mate, kisha likashuka taratibu. Wakati huo hakuwa na nafasi ya kushangaa mapazia.

"Sijui wameingiaje," alimwambia mumewe alipofika anahema. "Milango yote imefungwa."

Mumewe alizunguka nyumba nzima, akavitazama vitasa, akapapasa fremu. "Hakuna kilichovunjwa," alisema. "Basi ameingia kwa ufunguo. Na funguo tunazo watu watatu. Mimi, wewe, na dada." Kisha akasema kwa sauti iliyoshuka, "Na leo asubuhi dada amesafiri."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Dada huyo, wifi yake Pindo, ndiye aliyemlea mume huyu toka akiwa mtoto wa kukimbizwa na kuku. Pindo alipojifungua kwa upasuaji, wifi ndiye aliyemwosha, akamlisha kwa kijiko, akamfulia nguo ambazo hata mama mzazi angezikunjia uso. Ufunguo alipewa siku hizo, na hakuna aliyewahi kuwaza kuudai. Alikuwa amesafiri kumchukua binti yake aliyekaribia kujifungua, safari iliyopangwa mwezi mzima.

Sentensi moja tu ilihitajika: dirisha niliacha wazi mimi. Pindo alitazama sakafu.

Kesho yake akaletwa fundi wa mageti, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyeitwa Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea. Alishusha nondo zake uani, akajifuta jasho, akauliza, "Kabla sijawasha mashine, mwizi aliingilia wapi?"

"Mlangoni," mume alijibu. "Kwa ufunguo."

"Nauliza kikazi, bosi, si umbea. Mahali alipoingilia mwizi mimi hupafunga mwisho. Naacha wazi kutwa, jua likizama ndipo nafunga. Mwizi haingii peke yake. Anayeingia nyumba ya watu bila hodi hufuatwa na wengine ambao nao hawapigi hodi. Yeye akitoka mbio na mizigo yake, wao wanabaki ndani wanashangaashangaa. Waachie njia ile ile, wataondoka. Ukiwafungia hiyo, hata uwafungulie milango kumi mingine hawataiona."

Mume akacheka kwa mara ya kwanza tangu wizi. "Fundi, umekuja kuchomelea au kufanya uganga?"

"Mganga anaomba kuku, bosi. Mimi naomba umeme tu." Cheche akamgeukia Pindo. "Mama, wewe ndiye unayeshinda hapa. Ni mlangoni kweli?"

Macho mawili ya mumewe, mawili ya fundi. "Ndiyo," alisema Pindo. "Mlangoni."

Basi dirisha la chumba cha pasi likawa la kwanza kufungwa. Likapigwa nondo nene, na kwa nje likafunikwa bati la chuma. Mlango wa mbele ukaachwa wazi mpaka magharibi, fundi amekaa kibarazani anasubiri kwa subira yake yote kitu ambacho hakikuwa kinakuja huko. Kisha akatia kitasa kipya, akakabidhi funguo mbili.

"Na wa wifi?" Pindo aliuliza.

"Akirudi tutaona," mumewe alisema, akatazama pembeni. Alikuwa anaona aibu kumshuku mtu aliyemlea. Pindo alikuwa anaona aibu ya kujua ukweli. Wakalala na aibu zao mbili, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Baada ya harufu ya mvuke, ikaja sauti. Pindo alikuwa akishona kwa mashine kuukuu ya mguu aliyoitoa stoo, na kila alipoinua mguu apumzike, mashine nyingine iliendelea kidogo chumba cha nyuma. Trrr. Trrr. Kisha kimya. Mshonaji anaijua cherehani yake kama anavyokijua kikohozi cha mwanawe, na ile iliyokuwa ikishona kule ndani ilikuwa ile iliyoibwa. Kisha likaja komeo. Komeo la dirisha lile, dirisha ambalo halikuwa na pa kufungukia tena, lilikuwa likiinuliwa na kuachwa, likiinuliwa na kuachwa, bila hasira yoyote, kama mgeni aliyechoka kusubiri kuagwa.

Siku moja mchana kweupe alikuwa akimpima mwalimu wa chekechea, kamba ya kupimia imezunguka kiuno cha mteja, pini mdomoni, ndipo kutoka nyuma ikasikika sauti ikisema, "Sijui wameingiaje."

"Una mgeni?" mwalimu akauliza.

Pindo akatoa pini mdomoni. "Redio hiyo."

"Redio gani inaongea kwa sauti yako?" Mwalimu akaanza kucheka, na kicheko kikamwishia njiani, kwa maana ile sauti ilirudia, polepole zaidi, ikilionja kila neno: "Sijui... wameingiaje. Milango yote... imefungwa." Mwalimu akashuka kwenye kigoda, akavaa viatu bila kuvifunga, akasema atarudi kesho kumalizia vipimo. Hakurudi.

Jioni yake Pindo alikuwa mezani anapakua chakula. Mumewe ameketi, amenawa mikono.

"Baba watoto," sauti ya Pindo ikaita kutoka chumba cha pasi. "Njoo kidogo."

"Nakuja," mume akasema, akainuka, akapiga hatua mbili, na hapo akamwona mkewe yuko mbele yake, upawa mkononi, mdomo umefumba, na sauti ya mkewe inaendelea kumwita kule nyuma, njoo kidogo baba watoto, njoo nikwambie jambo, sauti tamu, sauti ya siku zao za uchumba, na komeo linaenda tk, tk, tk nyuma ya maneno hayo, na mvuke wa moto unapita chini ya mlango na kuwafikia miguuni, mpaka miwani ya mume ikaingia ukungu na akabaki amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe kama kipofu aliyeachwa barabarani.

"Ni wewe uliyeongea?" alinong'ona.

"Hapana."

"Basi ni nani?"

"Usiende," Pindo akamshika mkono. "Nakuomba, usiende."

"Kesho nitamwita mtu."

"Usimwite mtu!"

Mumewe alidhani ni woga, naye alikuwa na woga kweli. Lakini Pindo hakuogopa kudhurika. Alichoogopa ni mazungumzo. Kile kitu kilikuwa kimeanza na uongo wake, na mwenye kuanza na uongo akiachiwa muda hufika kwenye ukweli.

Wifi alirudi siku chache baadaye, saa za mchana, mume akiwa kazini. Pindo alisikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa kipya. Ukagoma. Ukatolewa, ukageuzwa, ukaingizwa tena. Akachungulia pembeni ya pazia. Wifi alikuwa amesimama kibarazani na begi lake la safari, anaupangusa ufunguo kwa upindo wa nguo na kuutazama kwa huruma, kama vile kosa ni la ufunguo.

"Wifi! Upo? Kitasa kimekufa, nini?"

Kufungua ni kueleza. Pindo alijibanza nyuma ya mlango, karibu kiasi cha kusikia pumzi za mwenzake, akabana midomo.

"Nakuja, wifi!" ikaitikia sauti yake kutoka chumba cha pasi, kwa furaha kubwa. "Nivumilie kidogo tu!"

"Haya, mama, sina haraka," wifi akacheka, akakaa juu ya begi.

Akakaa. Jua likamfuata kibarazani, akasogeza begi, jua likamfuata tena. Upande wa pili wa mlango Pindo alisimama mguu mmoja ukifa ganzi, na hakufungua. Hatimaye wifi akanyanyuka. Alikigusa kile kitasa kipya kwa kidole, akautazama ufunguo wake wa zamani, na usoni mwake ikapita hali ya mtu aliyesoma jambo linalomhusu.

"Nilikuwa nimewaletea habari njema," aliuambia mlango. "Tumepata mjukuu. Wametangulia kwangu, yeye na mama yake." Akajitwika begi lake akaondoka.

Pindo akateleza mpaka sakafuni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ndani ya chumba cha pasi komeo liligonga mara moja.

Hapo hapo akaenda kwa Cheche. Karakana ilikuwa imejaa mageti yaliyoegemezwa ukutani, yasiyofunga chochote. Akamweleza yote, la dirisha, la unyayo, la tambara. Fundi akainua miwani yake ya kazi akamtazama.

"Mama, umeniharibia kazi. Nimekufungia mgeni ndani kwa nondo zangu mwenyewe."

"Njoo ukate, fundi. Leo, kabla baba watoto hajarudi."

"Kukata si tatizo. Huyo uliyemsingizia ameshajua?"

"Sikumsingizia. Nilinyamaza tu."

"Kunyamaza nako ni kusema." Cheche aliweka chini grenda yake ya kukatia chuma, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mtu wa mzaha. "Mwambie kwanza. Kitu hicho kimekaa na maneno yako mpaka kimeshiba. Ukikifungulia kabla hujayasema wewe, kitatoka nayo, na kitayafikisha chenyewe."

"Nimeshamwambia," Pindo akasema. "Nimetoka kwake sasa hivi."

Uongo wa pili hauumi ulimi kama wa kwanza.

Cheche alikata nondo alasiri ile, cheche zikiruka mpaka kichochoroni. Bati likaanguka, dirisha likafunguliwa, na mwanga ukaingia mahali ulipokuwa haujaingia siku nyingi. "Sema sasa," fundi alinong'ona, amejibanza ukutani.

"Uliingilia hapa," Pindo akasema. "Niliacha wazi mimi. Wifi yangu hana kosa. Toka ulikoingilia."

Hapakuwa na upepo. Pazia likajaa, likaelekea nje. Mvuke wa moto ukampitia Pindo usoni, ukasimama hapo kidogo, karibu na mdomo wake, kisha ukapita. Kwenye ukingo wa dirisha ukatokea unyayo wenye unyevu, vidole vimetazama nje. Ukakauka wakiuangalia. Chumba kikabaki kinanuka chuma kilichokatwa, na Pindo akalia kwa faraja, na fundi akaweka nondo mpya.

Mumewe aliambiwa kwamba bati lilikuwa linapata kutu. Usiku huo walilala usingizi wa watoto.

Asubuhi, mume ameshatoka kwenda kazini, hodi ikapigwa. Alikuwa wifi. Safari hii Pindo alifungua kabla hajajipa nafasi ya kufikiri, na wifi akarudi nyuma hatua moja, amekodoa macho.

"Makubwa! Wewe umepita wapi?"

"Nimepita wapi, vipi?"

"Si nimekuacha kwangu sasa hivi!" Wifi akacheka kicheko cha mtu anayetaka kuelezwa haraka. "Umenituma nguo zako, wifi, ukasema baba watoto yupo atanifungulia. Jana jioni umekuja dirishani, umekataa kupita mlangoni, ukasema huna uso wa kupita mlangoni. Ukanieleza yote. Ulivyofuta unyayo, ulivyoniacha nikae juani. Umelia, nami nimelia. Nikakuambia yamekwisha, nikakushika mkono nikakuvuta ndani, ukalala kwangu. Leo mama mtoto amekwenda hospitali kuangaliwa mshono, ukasema wifi nenda kaniletee nguo, mimi nitabaki na..." Akaitazama mikono mitupu ya Pindo. "Wifi, mtoto umemwacha na nani?"

Kwa pumzi moja, Mungu amsamehe, moyo wa Pindo ulifurahi. Yamesemwa. Amesamehewa, na hakulazimika kufungua mdomo. Kisha wifi akasogea karibu, na kutoka kwenye nguo zake ikaja harufu ya kitambaa kibichi kinaponyooshwa.

"Wifi," alisema, "aliyekuja jana si mimi."

Walikimbia. Pindo alikimbia peku, mlango wa mbele nyuma yake wazi, geti wazi, madirisha yote wazi. Hapakuwa mbali, lakini njia hurefuka kwa mwenye hofu, na wifi mtu mzima alikimbia akisema neno moja tu, mtoto, mtoto, mtoto, mpaka wakafika nyumbani kwake. Wifi akaingiza ufunguo wake. Ukazunguka vizuri, lakini mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa limesukumwa kwa ndani.

"Nani?" ikauliza sauti ya Pindo, kwa upole, na nyuma yake mtoto akilia kilio kidogo cha kukwama.

Majirani walikuwa wameanza kutoka. Mwenye ndoo, mwenye mswaki mdomoni. Pindo aliwaona wote, akawaona wanavyomtazama, na akapaza sauti wasikie wote.

"Ni mimi! Dirisha niliacha wazi mimi. Mwizi aliingilia hapo. Nikafuta nyayo zake, nikanyamaza, mume wangu akamshuku dada yake, nikanyamaza, wifi akaja na ufunguo wake nikamwacha kibarazani juani nikiwa ndani namtazama. Na jana sikuja kuomba radhi. Mpaka leo sijaja. Ndiyo nimekuja sasa."

Kilio cha mtoto kikakatika. Pazia la dirisha la pembeni likajaa, likaelekea nje, likashuka. Komeo likarudi lenyewe.

Wifi aliingia kama mshale. Mtoto alikuwa kitandani, mzima, macho wazi, nywele zake laini zimelowa unyevu wa moto. Akambeba, akamnusa, akampapasa mwili mzima kiungo kwa kiungo. Kisha akaja naye mpaka mlangoni, mahali Pindo alipokuwa amesimama nje, peku, hajathubutu kukanyaga ndani.

"Nisamehe, wifi," alisema Pindo.

Wifi alimtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka.

"Jana nilisamehe kwa moyo wangu wote," alisema. "Wote, wifi. Sikubakiza."

Akaufunga mlango taratibu ili asimshtue mtoto, na komeo likasukumwa mpaka mwisho. Safari hii Pindo aliujua mkono uliolisukuma.

Majirani wakarudi kwenye ndoo zao. Pindo alibaki ameukabili ule mlango, na pembeni yake, karibu na sikio, hewa ikaanza kupata joto, ikanuka mvuke.

"Twende nyumbani," sauti yake ikamwambia. "Umeacha kila kitu wazi."